Balozi Asiyejua Kubuni

"Kitabu cha kwanza alinifanya mwizi wa mvinyo," alisema Mzee Purushottam Baidya. "Cha pili akanifanya mlevi wa mvinyo huo huo niliouiba. Cha tatu akaniua kabisa, nikakwamwa na mwiba wa samaki mbele ya wageni. Sasa niambie, afande, kati yangu na yeye, muuaji ni nani?"

Sajini Bohara, aliyekuwa akiandika pembeni, aliinamisha kichwa kuficha meno. Inspekta Sarala Gharti hakucheka. Chumba cha mahojiano kilikuwa na baridi ya kuuma mifupa, na mzee aliyekaa mbele yake alikuwa amejifunika shali mbili zilizoletwa na mkewe getini. Alikuwa na kisukari. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka kamba za viatu hazifungiki.

"Uliingia nyumbani kwa Balozi Lamsal siku aliyouawa," alisema Sarala.

"Niliingia."

"Jirani alisikia makelele."

"Yangu hayo. Ningenong'ona angenisikiaje, kiziwi yule?"

"Mligombania nini?"

Mzee Baidya alishusha pumzi. Alikuwa amemtumikia Bishwanath Lamsal katika balozi tatu, nchi tatu za mbali, yeye akiwa msaidizi na mwenzake akiwa bwana mkubwa. Balozi alipostaafu akarudi Kathmandu na kugeuka mwandishi: riwaya tatu, kitabu kimoja cha kumbukumbu za maisha yake, na cha pili kilikuwa mezani bado hakijakwisha.

"Nilisikia ananitia tena kwenye kitabu kipya, safari hii kwa jina langu kamili. Nikaenda kumwomba aniache nife na heshima zangu. Nikapiga kelele, ndiyo. Akaninywesha chai, akasema, 'Baidya, nisamehe. Mimi sijui kubuni. Lazima niwatumie watu niliowaona.'"

"Alisema hivyo?"

"Miaka nenda rudi alisema hivyo. Ripoti zake wizarani zilisifiwa kwa sababu hiyo hiyo, hakuongeza wala hakupunguza. Yule bwana hakuweza kubuni hata jina la mbwa. Mbwa wa riwaya ya kwanza ni mbwa wetu wa ubalozini, na jina ni lile lile."

Sarala alimwacha akohoe mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza ghafla, "Ulimtia nini mdomoni?"

"Mdomoni mwa nani?"

"Mwa maiti."

Mzee alimtazama, akamtazama Bohara, akarudi kwake. Uso wake ulikuwa mtupu, wa mtu aliyeulizwa jambo asilolijua mwanzo wala mwisho. Sarala alikuwa amewahoji waongo wengi katika kazi hii, wengine hodari kweli, lakini mtu hawezi kuigiza utupu wa namna ile. Alimwamini, na kumwamini kukamtia hofu, kwa sababu hakuwa na jina jingine la kumpa mkubwa wake.

Mkubwa mwenyewe, Mrakibu Khadka, alikuwa akimngoja ukumbini na glasi ya chai mkononi.

"Amekiri?"

"Amekiri kupiga kelele."

"Sarala, usinichezee. Marehemu alikuwa balozi. Wizarani wananipigia simu, magazetini wananipigia simu, hata mama mkwe wangu ananipigia simu. Mtu kavunjwa kichwa kwa kinara cha shaba, na mtu wa mwisho kuonekana nyumbani kwake ni mzee mwenye chuki ya miaka thelathini. Unataka nini tena?"

"Kinara kilifutwa damu, kikarudishwa mahali pake mbele ya miungu. Na daktari alikuta jani la mrehani mtakatifu chini ya ulimi wa marehemu, na maji kidogo. Miguu ilikuwa imeelekezwa kusini."

"Kila mtu nchi hii anajua kumwekea anayekufa mrehani na maji. Bibi yangu angemwekea hata paka."

"Bibi yako, ndiyo. Lakini adui akishakuua anaondoka. Huyu alikaa. Alikuwa anahofia njia ya marehemu huko aendako. Huyo ni mtu wa damu yake, afande."

Khadka alimaliza chai yake. "Basi niletee mtu wa damu yake. Usipomleta leo, kesho asubuhi Baidya anafikishwa mahakamani, na kutoka pale ni gereza. Mimi sina njia."

Getini mke wa Baidya alikuwa amesimama na kikapu cha dawa na chupa ya maji ya moto. Alimtazama Sarala tu alipokuwa akipanda gari, na Sarala akajikuta anatazama chini. Mzee yule gerezani, kwa miguu ile na baridi ile, asingeuona mwaka mpya. Kila mtu kituoni alilijua hilo, pamoja na Khadka.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa Chabahil, ya ghorofa mbili, na mche wa mrehani umepandwa katikati ya ua kama desturi. Mjane, Bibi Mandira, aliwapokea akiwa katika nguo nyeupe bila kipuli wala bangili. Siku ya mauaji hakuwepo. Ilikuwa sikukuu ya Tihar, naye alikuwa amesafiri Chitwan kuwapaka kaka zake tika, rangi ya baraka kwenye paji la uso, kama kila mwanamke mwenye kaka afanyavyo, na watumishi nao walikwenda makwao kwa sababu hiyo hiyo. Aliporudi jioni ya siku ya tika ndipo alipomkuta mumewe chini ya ngazi. Kwa maneno ya daktari, alikuwa amekufa tangu jana yake, mchana au magharibi.

"Umevisoma vitabu vyake?" aliuliza Bibi Mandira.

"Vyote, wiki hii."

"Pole."

Sarala alikaa kwenye kigoda. "Kipi alikipenda zaidi, mama?"

"Majivu ya Mbali. Watu walikisifu kwa ubunifu wake. Alikuwa akirudi kutoka kwenye sherehe za kusifiwa, anavua viatu pale mlangoni, ananiambia, 'Mandira, wamenisifia nisichokuwa nacho.'"

Sarala alikikumbuka vizuri kitabu hicho, kwa kuwa ndicho kilichomnyima raha. Kilikuwa kisa cha mtu ambaye kwao wanajua kafa. Mkewe amevaa nyeupe, kila mwaka anamfanyia sadaka ya wafu, kumbe mwenyewe yuko mji wa baridi ng'ambo, anauza vitunguu sokoni na ana mke mwingine na watoto wengine.

"Yule muuza vitunguu," alisema Sarala, "alikuwa nani?"

Bibi Mandira alijifunga shali upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. "Alipokuwa balozi hakuniambia kitu hata kimoja, mambo ya serikali. Alipokuwa mwandishi aliwaambia watu wote, mimi nikayasoma pamoja nao. Usiniulize, mwanangu. Sijui, na sasa sitaki kujua."

Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda upande wa chumba cha uani.

Ndani ya chumba hicho alikaa Yadunath Lamsal, mtoto wa ndugu mdogo wa marehemu. Balozi hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo Yadunath ndiye aliyewasha moto wa maiti mtoni, na ndiye anayekaa kwenye mwiko wa siku kumi na tatu. Alikuwa amenyolewa kichwa na nyusi, amevaa shuka jeupe lisiloshonwa, ameketi juu ya majani makavu ndani ya duara lililochorwa kwa samadi ya ng'ombe. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Alijipikia mwenyewe mlo mmoja kwa siku, bila chumvi. Alikuwa mwalimu wa Kisanskriti, mwembamba, mwenye sauti ya upole ambayo Sarala aliisikia kwa taabu.

"Usivuke mstari, sajini," alisema Yadunath. "Ukinigusa itabidi nianze upya."

"Hatutavuka," alisema Sarala, akachutama kizingitini. "Siku ile ulikuwa wapi, mwalimu?"

"Mchana nilikuwa hekaluni Pashupati. Jioni nikaenda Bhaktapur kwa mdogo wangu Renuka, nikalala huko. Kesho yake ilikuwa tika."

"Hekaluni kuna aliyekuona?"

"Walikuwepo watu wengi kuliko nzige. Waliniona wote, hakuna aliyenitazama."

"Marehemu alikuwaje kwako?"

"Baba yetu mkubwa ndiye aliyetulea. Ada ya shule, gharama za harusi ya Renuka, vyote vilitoka kwake."

"Na baba yako mzazi?"

Yadunath alitazama moto wake mdogo. "Alikamatwa enzi za mfalme, wakati vyama vimepigwa marufuku. Hakurudi. Jina lake limechongwa kwenye lango la shule ya kijiji. Mama yangu yuko kijijini, hajavua nyeupe tangu siku ile."

Aliyasema kama mtu anayesoma somo alilolihifadhi utotoni. Sarala alimshukuru, akainuka. Alipofika uani aliona mche wa mrehani, akauzunguka mara moja akiutazama. Tawi moja la upande wa ngazi lilikuwa limechumwa ovyo, si kwa ukucha kama wachumavyo wacha Mungu, bali limeng'olewa pamoja na ganda.

"Ni yeye," alisema Bohara ndani ya gari.

"Kwa ushahidi gani? Mche? Riwaya? Khadka atatucheka mpaka alie."

"Basi turudi?"

"Twende Bhaktapur. Dada yake atasema alifika saa ngapi na akiwa katika hali gani."

*

Njia ya Bhaktapur ilikuwa vumbi tupu na moshi wa matanuri ya matofali. Renuka aliwakaribisha ghorofani, karibu na dirisha, akawapa chai ya tangawizi. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi kwa maumbile, na msiba ulikuwa umemkaa vibaya kama nguo ya kuazima.

"Kaka alifika taa zimeshawashwa," alisema. "Amechoka. Kaoga, kalala."

"Aliongea?"

"Kaka yangu? Huyo umchome sindano hasemi aa!"

"Nguo zake?"

"Safi. Zile zile anazovaa kwenda hekaluni."

Hapakuwa na kitu. Bohara alifunga kalamu. Sarala alikuwa ameshashika mkoba wake alipoliona shada la maua ya zambarau limetundikwa ukutani, zima, kavu, halijavaliwa. Ni shada ambalo dada humvika kaka yake siku ya tika, na kaka huondoka nalo shingoni akiringa nalo njia nzima.

"Hilo ni la nani?"

Uso wa Renuka uling'aa kwa mara ya kwanza. "Aa! Hamjasikia? Mtaa mzima umeshasikia. Hilo ni la kaka, na ndiyo ishara yenyewe."

"Ishara gani?"

"Kaa, afande, kaa nikusimulie." Alivuta mkeka karibu. "Asubuhi ya tika nilikuwa nimetayarisha kila kitu. Rangi saba kwenye sahani, mafuta nimeshazungusha sakafuni, kokwa ya jozi nimeshaivunja mlangoni. Kaka ameshakaa. Namkaribia na kidole, akanishika mkono, akasema, 'Renuka, mwaka huu usinipake.' Mimi nikadhani nimemkosea! Nililia, kweli nililia. Dada asipompaka kaka yake, si amemwachia Yama, mungu wa mauti, mlango wazi aje amchukue?"

"Alisema kwa nini?"

"Tumbo, eti. Nikamwandalia chakula, nyama ya mbuzi na mikate ya sikukuu, asiguse. Akaomba wali mtupu. Bila chumvi! Nikamwambia, kaka, wali bila chumvi si chakula cha msiba hicho? Akanyamaza. Basi jioni simu ikalia, Baba Mkubwa kafa, tena tangu jana yake. Ndipo nikapiga magoti. Nafsi yake ilijua, afande! Mtu msafi kama yule, anayesoma maandiko alfajiri mpaka jioni, Mungu hakukubali apakwe tika akiwa ndani ya mwiko. Kuhani wetu anawasimulia watu wote. Anasema kwa watu wa siku hizi hajawahi kuona."

Bohara alikuwa ameifungua kalamu tena.

Sarala aliuweka mkoba chini. Alikuwa mtoto wa milima ya Rolpa, na baba yake mdogo alikufa akiwa askari mpakani India. Habari ilifika mwezi mzima baadaye, wakati wao wameshachinja kwa sikukuu, wamekula na kucheza. Mama yake alilia kwa hofu ya dhambi, na kuhani akamtuliza kwa maneno ambayo kila mtoto wa milimani anayajua: mwiko hauanzi na kifo, unaanza na habari.

"Binamu zenu wengine wa ukoo," alisema taratibu, "asubuhi ile walipakwa tika?"

"Wote! Wametembea nayo mpaka jioni. Lakini hawana kosa, hawakujua."

"Asiyejua hana mwiko."

"Ndiyo, hana."

"Anayefungwa ni anayejua."

"Ndiyo maana nasema ni ishara, maana yeye..." Renuka alisita.

"Dada Renuka," alisema Sarala, "simu ililia jioni. Asubuhi nani alimpa habari?"

Tabasamu lilibaki usoni mwa Renuka kitambo, limesahauliwa pale. Nje mtu alikuwa akipigia debe machungwa. Kisha mkono wake ukapanda kinywani.

"Ilikuwa tumbo," alisema. "Nimekosea kusimulia. Ilikuwa tumbo tu."

"Sajini ameandika."

"Mwambie afute."

"Hafuti."

"Afande, mimi nimekukaribisha! Umekunywa chai yangu!" Alisimama, akamfokea Bohara kana kwamba ndiye aliyelitenda. "Futa! Nilikuwa najisifia kaka yangu, mtu hajisifii kaka yake? Mtaandika kila upuuzi wa mwanamke?"

Sarala alimhurumia, na huruma ile haikumsaidia yeyote. "Kuna mzee mgonjwa yuko ndani badala yake," alisema. "Kesho anakwenda gerezani. Naye ana mke, yuko getini tangu alfajiri."

Renuka alilia bila sauti, akipangusa uso kwa ncha ya shali nyeupe. Alipomaliza alivaa viatu.

"Nakwenda nanyi," alisema. "Aniambie mwenyewe kwamba umekosea. Yeye hasemi uongo. Tangu utoto hajawahi. Utaona."

*

Yadunath alikuwa akiosha bakuli la majani alipowaona. Sarala alimwomba Renuka angoje uani na Bibi Mandira, akaingia na Bohara, akachutama tena ukingoni mwa duara.

"Mwalimu, mdogo wako amenisimulia muujiza."

Yadunath aliliweka bakuli chini. Hakuuliza muujiza gani. Mikono yake, iliyokuwa na majivu, ilitulia juu ya magoti.

"Nilijua utafika huko," alisema. "Sikujua kama ni yeye atakayekuleta."

"Hakujua analolisema. Alikuwa anakusifu."

"Ndiye huyo Renuka."

"Muuza vitunguu ni baba yako," alisema Sarala.

Hapo ndipo mwalimu aliposhtuka. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Baba yako mkubwa hakujua kubuni. Mbwa ni mbwa wa kweli, Baidya ni Baidya wa kweli. Kwa nini muuza vitunguu awe wa uongo?"

Moto ulilia kidogo, Yadunath akausukumia kijiti. Aliposema alisema chinichini, akitazama mlango kila baada ya neno.

"Riwaya niliisoma zamani, nikasifu kama watu wengine. Sikuwaza. Siku ile aliniita nimsikilize akinisomea sura mpya ya kumbukumbu. Alikuwa na furaha, afande, kama mtu anayempa mtoto zawadi. Akasoma jina la baba yangu. Mji wa Hamburg, mtaa, rangi ya mlango. Alimwona huko kwa macho yake alipokuwa kazini. Baba hakuuawa. Aliwauza wenzake kwa polisi, akapewa pasi ya kusafiria, akaondoka. Akamwomba kaka yake anyamaze, na balozi ni mtu wa kunyamaza. Alinyamaza mpaka alipostaafu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimpigia magoti. Nikamwambia abadilishe jina, afanye riwaya tena. Akasema kumbukumbu si riwaya, na yeye amechoka kusema uongo kwa adabu. Mama yangu ana miaka sabini! Kila mwaka anafunga, anapika, anawatupia kunguru chakula kwa jina la mtu aliyeshiba. Watoto wa kijiji wanapita chini ya jina lake kwenda darasani. Wenzake aliowauza, wajane wao wanakuja kumshika mama miguu, wanamwita mke wa shujaa. Unajua watakuja kumfanya nini wakijua?"

"Ukampiga."

"Mara moja. Kinara kilikuwa karibu, sikukichagua." Alisukuma kijiti kingine motoni. "Alipoanguka aliniita mwanangu. Sikumsikia vizuri kwanza. Nikakimbilia mrehani nje, nikarudi, nikamtia maji. Alikuwa anameza bado."

Bohara aliacha kuandika. Sarala alimgusa kiwiko, akaendelea.

"Ungepakwa ile tika," alisema Sarala, "nisingekupata."

"Najua."

"Umeua mtu aliyekulea, ukashindwa kupakwa rangi?"

"Kuua ni dhambi yangu. Mtu aliye kwenye mwiko akipakwa, dhambi ni ya mkono uliompaka. Ningemtia Renuka." Alimtazama Sarala kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa makavu. "Nipe mpaka siku ya kumi na tatu. Hakuna mwanamume mwingine wa damu yake wa karibu. Nani atampa maji? Nikimaliza nitakuja kituoni kwa miguu yangu."

"Mzee Baidya hafiki siku ya kumi na tatu."

Alilikubali hilo kwa kichwa, polepole. Kisha akajisogeza mpaka ukingoni mwa mstari, karibu kuliko alivyowahi kuja.

"Basi andika sababu nyingine. Andika nilitaka nyumba hii. Andika shamba, andika wazimu. Ile sura niliichoma kwenye taa za sikukuu, hakuna nakala. Ikibaki popote itabaki kwako. Nakuomba, dada. Nifungeni maisha, lakini andika shamba."

Sarala alitamani kuandika shamba. Alilitamani kwa moyo wake wote. Lakini wakili yeyote mwenye nusu akili angeuvunja uongo huo kwa siku moja, nyumba ilikuwa ya mjane kwa hati na kila mtu alijua, na kesi ikivunjika Khadka angemrudia Baidya.

"Haiwezekani," alisema. "Utaniambia ukweli, na utaniambia sasa, ukiwa hapo ulipo."

Mlangoni kivuli kilisogea. Renuka alikuwa amechoka kungoja. Alisimama kizingitini, mikono imeshika fremu pande zote, na nyuma yake Bibi Mandira alikuwa akimvuta shali bila kufanikiwa.

"Kaka," alisema Renuka, "waambie ilikuwa tumbo."

Sarala alimwashiria Bohara, na Bohara akafungua ukurasa mpya. Maelezo ya polisi huanza na ukoo wa mtu, babu kwanza, hata kama mtu ameshikwa na kisu mkononi.

"Jina la babu yako mzaa baba?"

"Dinanath Lamsal."

"Yu hai, au marehemu?"

"Marehemu."

"Jina la baba?"

"Kashinath Lamsal."

Bohara aliandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Yu hai, au marehemu?"

Yadunath alimtazama mdogo wake. Alitazama duara la samadi alilokalia, na majani, na moto wa matanga ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimuua. Midomo yake ilifunguka, ikafunga, ikafunguka tena.

"Yu hai," alisema.

Bohara alisubiri kidogo, akaandika.

"Nani?" aliuliza Renuka pale mlangoni. "Nani yu hai, kaka?"